Brashi Elfu Tatu, Kiwavi Mmoja

Swali ambalo wachoraji vijana wa nchi hii tunaulizana kuliko jingine lolote ni hili: unatumia brashi gani? Unaweka mchoro Instagram, umehangaika nao siku tatu, na maoni ya kwanza hayahusu mkono wa bibi uliyemchora wala mwanga wa jioni uliomwangukia. Brashi gani hiyo, kaka? Nitumie basi hiyo pakiti. Na pakiti zipo. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp zinazunguka kama zilivyokuwa zikizunguka kanda za muziki enzi za kaka zetu: brashi 300 za mvua, brashi 500 za nywele, brashi 3,000 ndani ya faili moja unalolipakua usiku wa manane bando likiwa nafuu.

Swali hilo linatupotosha, na nalisema nikiwa Sumbawanga, mahali ambapo madhara yake yamebandikwa kwenye kuta za ofisi za vijiji. Kabla ya brashi kuna swali jingine: picha hii itaishia wapi? Kwenye karatasi gani, mashine gani, ukuta gani, simu ya nani? Huko ndiko brashi inakochaguliwa, halafu unarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mkononi mwako.

Chukua kiwavijeshi vamizi. Mdudu huyu asili yake ni bara la Amerika. Aliripotiwa Afrika mwaka 2016, akafika Tanzania mwaka 2017, na Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kumwona. Kwa watu wanaoishi kwa mahindi, kumjua mdudu huyu mapema ni suala la kuvuna au kutovuna. Akiwa mdogo anaparua jani na kuliachia vidirisha vyembamba vinavyopitisha mwanga, na hapo bado unaweza kumfanyia kitu. Akikua anajichimbia ndani ya moyo wa mhindi, kinyesi chake kinachofanana na vumbi la mbao kinaziba juu yake kama mlango, na dawa unayonyunyiza inaishia kwenye majani. Anatofautishwa na viwavi wengine kwa alama mbili. Usoni ana mstari mwepesi wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Kwenye pingili ya pili kutoka mwisho wa mwili ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Ukiziona hizo, umemjua.

Niliwahi kushika kipeperushi cha mdudu huyo, kimetolewa na mradi ambao sitautaja. Kilichorwa kwa ustadi, na nasema hivyo bila kejeli. Mchoraji alitumia brashi ya chengachenga, ile inayofanya mchoro uonekane kama umechapwa zamani kwa mashine ya mkono. Akaweka rangi tabaka juu ya tabaka, akamalizia kwa kivuli laini chini ya tumbo la kiwavi. Kwenye skrini nina hakika alipendeza. Lakini nakala niliyoishika ilikuwa fotokopi ya fotokopi, imetoka steshenari moja ya mjini, ikapita Laela, ikapita Mpui, ikakunjwa mara nne ndani ya mfuko wa koti. Kile kivuli laini kilikuwa kimeganda kikawa tope. Zile chenga, zilizotawanywa mwili mzima ili kuleta uhalisia, zilikuwa na ukubwa uleule wa madoa manne. Kwa hiyo kiwavi alikuwa na madoa kama arobaini hivi. Herufi Y ilikuwa imemezwa.

Mama aliyenionyesha karatasi ile hakulaumu mtu. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, kati ya hawa, huyu ni yupi?" Maana shambani kwake alikuwa na viwavi wa aina zaidi ya moja. Nikamchorea nyuma ya karatasi ileile kwa kalamu ya Bic: kichwa, Y, mwili, nukta nne. Ilichukua chini ya dakika moja.

Yule mchoraji hakukosa brashi. Alikuwa nazo nyingi mno, na zote zilikuwa zinaitumikia skrini yake.

Nieleze kidogo kitu chenyewe, kwa sababu nahisi wengi tunavitumia vyombo hivi bila kujua vinafanyaje kazi. Brashi ya kompyuta haina manyoya. Kwenye programu za rasta (sizungumzii wafuasi wa Bob Marley, nazungumzia picha zinazojengwa kwa pikseli), yaani Photoshop, Krita, Procreate, au ibis Paint ambayo wadogo zetu wengi wanaichorea kwa kidole kwenye simu, brashi ni muhuri. Kuna kipicha kidogo, na ukiburuta kalamu programu inakigonga kile kipicha tena na tena, tap tap tap, karibukaribu hadi jicho lione mstari. Mengine yote ni maagizo kwa huyo mpiga muhuri: agonge kwa nafasi gani, auzungushe muhuri au aache, ukikandamiza kalamu aongeze ukubwa au aongeze wino, ayumbeyumbe kiasi gani. Mfungulie mtu pakiti yake ya brashi 3,000, muondolee majina na vipicha vya kuvutia, utabaki na mihuri michache na maagizo yaliyobadilishwabadilishwa.

Kwenye vekta mambo ni tofauti. Illustrator na Inkscape hazigongi muhuri. Zinatunza mstari kama njia ya kihesabu, halafu zinauvisha nguo. Brashi ya vekta ni nguo hiyo. Unaweza kuuvua mstari, ukauvisha nyingine, ukaukuza uwe na upana wa ukuta wa ghala bila kuparaganyika. Hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba nguo ikiwa na nyuzi nyingi, faili linakuwa zito kuliko kazi yenyewe. Illustrator ina brashi inayoigiza manyoya, na kila mpigo wake ni rundo la maumbo yenye uwazi yaliyolaliana; programu yenyewe hukuonya michirizi ya brashi hiyo ikizidi 30 kwenye faili. Sasa peleka faili la michirizi 400 kwa kijana wa mabango ambaye kompyuta yake imeshapita mikono mitatu. Itasimama pale inazungusha kiduara, yeye atapiga picha skrini, na atachapa hiyo picha ya skrini. Kazi yako ya vekta imekufa ikiwa rasta, tena rasta mbovu.

Rasta nayo ina hesabu yake, na haihitaji digrii. Ukurasa wa A4 wa kuchapwa vizuri, kwa nukta 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Mtu anachora kwenye turubai ya pikseli 1,080 kwa sababu ndiyo saizi ya Instagram, halafu mteja anafurahi na kuomba bango la mita 3. Gawanya mwenyewe: kila pikseli itakuwa na upana wa karibu milimita 3. Aliye ng'ambo ya barabara hatalalamika, niseme ukweli. Aliyesimama chini ya bango akitafuta kusoma namba ya simu ataona ngazi za matofali, na ile brashi yako ya rangi ya maji, uliyoilipia kwa dola, ataiona kama ukuta unaobabuka.

Boksi la kalamu ya kuchorea linajisifu kwamba kalamu inatambua viwango 8,192 vya mkandamizo. Mashine ya fotokopi inatambua viwili: pana wino, hapana wino. Kijivu chote unachokiona kwenye fotokopi ni nukta nyeusi zilizojipanga zikikudanganya, na kila nakala ya nakala inazidi kuzibana mpaka zinashikana. Kati ya mashine hizo mbili, ni ile ya pili inayoamua mkulima wa Milepa au Mtowisa ataona nini. Sioni kwa nini tunaitii ile ya kwanza.

Kuna kundi la wachoraji litakalonipigia makofi hapa, na makofi yao siyataki. Hao ni wale wa "chora kila kitu kwa vekta, vekta ndiyo uprofesheno". Nimeona kazi zao pia. Watu wasio na nyuso, miguu mirefu kama ngazi, ngozi ya kahawia ileile kwa babu na kwa mtoto, mstari wa unene mmoja kuanzia kisigino hadi utosi. Fotokopi haiwasumbui, ni kweli, kwa sababu hawana cha kupoteza. Mwaka juzi nilimwonyesha mtoto wa darasa la tatu picha ya aina hiyo, mwanamke kainama shambani, nikamuuliza anafanya nini. Akasema anatapika. Mstari usiokua wala kupungua hauonyeshi uzito wa jembe, hauonyeshi mgongo unaokaza. Hapo ndipo unapohitaji brashi yenye kunenepa na kukonda, na vekta inayo: Illustrator ina brashi ya kaligrafia, Inkscape inakuruhusu kuvuta unene wa mstari mahali unapotaka. Basi tumia. Usafi wa faili si sifa ya mchoro.

Sasa nije kwenye pakiti zinazoniudhi kuliko zote: za "Afrika". Unazijua. Mgunga wenye kichwa bapa, jua kubwa la chungwa, nyasi za savana, ukanda wa mapambo ya pembetatu. Mgunga mmoja ni muhuri. Unagonga mara moja, umepata Afrika. Nimewaona Wafipa, watoto wa hapahapa waliozaliwa wakiutazama uwanda huu, wakigonga mgunga ule kwenye picha ya Sumbawanga.

Migunga utaikuta ukishuka ukingo hadi bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto. Huku juu tuko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa Ufipa ni mawimbi ya nyasi: kilima kirefu cha mgongo laini, bonde, kilima tena, na miti imejikusanya kwenye mikunjo yenye maji au imepandwa na watu, mikaratusi iliyosimama wima karibu na nyumba za matofali mekundu ya kuchoma. Juni na Julai upepo unakata, na watu wanavaa makoti. Kinachoitambulisha nchi hii kwa jicho ni kukosekana kwa mti mahali ambapo pakiti inakwambia uweke mti. Hakuna muhuri wa kitu hicho. Kuchora uwazi wa Ufipa kunadai mstari mmoja mrefu wa mkono usiotetemeka, na ujasiri wa kuacha karatasi nyeupe.

Au chora ntumba. Wazee wa Kifipa walilima kwa kukusanya nyasi, kuzifunika kwa udongo, na kufanya vichuguu vya mviringo ambavyo nyasi zake zinaoza ndani na kuwa mbolea. Juu yake wanapanda maharage, na msimu unaofuata wanavisambaza na kupanda ulezi. Leo maksai wanakokota plau sehemu nyingi, lakini mtu anayechora kilimo cha Ufipa bila kujua ntumba anachora nusu. Tafuta brashi ya shamba mtandaoni uone unachopata: mifereji iliyonyooka kwa rula, ya trekta. Ukiigonga kwenye kitabu cha watoto wa Kaengesa, umewaambia kwamba shamba ni kitu cha kwingine, na walichokiona kwa bibi yao ni kosa.

Brashi ya ntumba unaweza kuitengeneza mchana mmoja. Chora vichuguu vitatu tofauti, si kimoja, kwa sababu jicho linashtukia marudio haraka sana. Kwenye vekta viweke kama brashi ya kutawanya, ruhusu ukubwa ubadilike kidogo, zuia visizunguke kwa maana kichuguu hakilali ubavu, na vilivyo mbali viwe vidogo. Nimefanya hivyo. Faili lake ni dogo kuliko picha ya wasifu wako.

Hata malungu tunayachafua. Tanuri zile za kuyeyushia chuma za Wafipa, ambazo mwanaakiolojia Bertram Mapunda amezichunguza kwa miaka mingi, zilijengwa kwa udongo, zikafika mita 3 hivi kwenda juu, na urefu wake pamoja na matundu ya chini ndio uliovuta hewa bila mtu kuvukuta. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuri dogo la kusafishia, kintengwe. Kuna picha moja niliyoiona ambayo lilungu limepakwa brashi ya bati lenye kutu. Mchoraji alisikia "chuma", akaenda kwenye folda la chuma. Angeenda kugusa ukuta wa udongo uliokauka, nao uko nyuma ya nyumba yoyote, asingehitaji folda.

Nitajibiwa kwamba nataka kutufungia kijijini, kwamba sanaa ni ya dunia na brashi ni chombo tu. Vizuri, tumwangalie Edward Saidi Tingatinga, ambaye dunia nzima inamfahamu kwa jina. Mwaka 1968 hivi, Dar es Salaam, alianza kuchora kwenye mbao nyembamba za ujenzi kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Rangi ile inang'aa, inakaa bapa, haikubali mbembelezo wa kivuli laini. Kwa hiyo wanyama wake wakawa bapa na waking'aa, wakazungukwa na mistari dhahiri. Alikufa mwaka 1972, na miaka ile michache ilitosha kuzaa mtindo ambao hadi leo watu wanauishia. Hakuna aliyemtumia pakiti. Alikuwa na rangi inayouzwa dukani, ubao unaobebeka, na mnunuzi anayeweza kuusafirisha. Picha ilianzia huko mwisho ikarudi mkononi mwake, na bado ilivuka bahari.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo ni la njaa. Mchoraji analipwa kidogo, anapewa siku mbili, pakiti inamwokolea muda. Hilo sina ubishi nalo, nami natumia brashi za watu wengine. Krita inakuja na brashi nyingi bila malipo, na mchoraji anaweza kuishi humo miaka asimalize. Mwaka 2017 kampuni ya Adobe ilinunua mkusanyo mzima wa brashi za Kyle T. Webster, na tangu hapo mwenye leseni yao anazipata bila kuongeza senti. Vyombo si haba. Muda ndio unaoliwa, na unaliwa na utafutaji: saa tatu unajaribu brashi 60 za nyasi, kila moja mpigo mmoja, kisha unarudi kwenye ile ya kwanza. Mtu mwenye brashi nne anazozijua kama anavyozijua funguo zake ameshamaliza na amekwenda kunywa chai.

Zangu ni nne. Moja ni duara gumu, wino kamili, mkandamizo unabadilisha ukubwa peke yake na haugusi uwazi. Hiyo ndiyo ya mipaka na ya kila kitu kinachobeba maana, kama yale madoa manne. Ya pili ni mkaa. Nilichukua mkaa wa jikoni nikausugua kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nikapiga picha dirishani, nikaisukuma iwe nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu, nikaigeuza muhuri. Inatoa mkwaruzo ambao fotokopi haiwezi kuuharibu, kwa sababu hauna kijivu cha kuharibiwa. Ya tatu ni ya vekta, mistari mifupi ya kivuli iliyopangwa kama mkeka, kwa ajili ya kitu chochote ambacho wengine wangekipaka brashi ya hewa. Ya nne ni laini kabisa, yenye rangi za kuchanganyika, na naitoa pale tu kazi inapokwenda kuchapwa kwa rangi kwenye karatasi nzuri: jalada la kitabu, labda, au picha ya msitu wa Mbizi wenye ukungu wa asubuhi. Huko naitumia bila aibu. Ukungu haukatwi kwa duara gumu.

Lakini lawama zote nikimtupia mchoraji nitakuwa naonea. Wanaotuagiza kazi nao wanaidhinisha mchoro kwenye kompyuta ya ofisi, mwanga wa skrini umepandishwa juu, wanasema "safi sana, ina mwonekano wa kisasa", wanapiga muhuri, na wanachapa nakala chache za rangi kwa ajili ya ripoti na nyingi za fotokopi kwa ajili ya wakulima. Zile za ripoti ndizo zinazopigiwa picha.

Kwa hiyo mimi nimebadilisha utaratibu, na nawaomba wenzangu wa Mbeya, Katavi na kwingineko waubadilishe pamoja nami ili tusiambiwe kila mmoja kwa zamu kwamba ni msumbufu. Rasimu yangu siipeleki tena kwa barua pepe. Nachapa nakala moja, naipeleka steshenari inatolewa fotokopi, hiyo fotokopi inatolewa fotokopi, na hiyo ya pili inatolewa nyingine. Ile ya mwisho naikunja mara nne, naikunjua, naiweka mezani kwa mteja. Namwomba anionyeshe kwa kidole yale madoa manne yako wapi. Akiyapata, asaini. Asipoyapata, narudi kuchora, na siku ya ziada ya kazi hiyo imeandikwa kwenye mkataba tangu mwanzo.